Barua ya wazi kwa wakubwa wa viwanja vya ndege: kabla ya kuongeza kaunta, angalieni mlango

Wakubwa zangu wa viwanja vya ndege, wa uchukuzi na wa ujenzi, shikamooni. Na nyie mliohamia huku mkazoea upepo wetu, mbukwenyi.

Mi ni dereva teksi hapa Dodoma. Sina digrii ya majengo, ramani pekee niliyowahi kupitisha ni ya choo cha nyumbani, ila kazi yangu ni kupeleka watu kupanda ndege na kuwasubiri wanaoshuka, na kusubiri kuna faida moja, unapata muda wa kuangalia watu na muda wa kusoma kwenye simu. Nimeangalia sana, nimesoma kiasi, na mwaka jana nikasafiri na mimi mwenyewe, ndo nikaona bora niandike. Niseme mapema, kuna mahali humu nitasimulia yaliyotupata mimi na shangazi kwenye uwanja mmoja wa nchi hii, sitautaja na sio wa hapa Dodoma, wala sitaki mtu apigiwe simu aulizwe siku ile zamu ilikuwa ya nani. Wale vijana wa zamu walijitahidi. Kilichotukwamisha ni jengo.

Kwanini naandika sasa hivi, ni kwa sababu ya Msalato, uwanja mpya wa ndege wa hapa Dodoma. Sisi wa huku habari ya makao makuu tunaisikia tangu 1973, serikali ikaanza kuhama kweli kweli 2016, Aprili 2018 tukawa jiji, na tarehe 30 Oktoba 2022 Rais Samia akaweka jiwe la msingi pale Msalato, njia ya kurukia ndege kilomita 3.6, kitu ambacho uwanja wa mjini hauwezi kukipata maana umeshabanwa na nyumba. Kijiweni kila mtu anaongelea hizo kilomita 3.6, sijui ndege gani kubwa itatua, sijui tutaenda Dubai moja kwa moja. Sawa. Ila abiria hatembei kwenye njia ya kurukia. Abiria anatembea kuanzia mlango wa gari langu mpaka mlango wa ndege, na barua yangu yote ipo hapo katikati.

Sasa naomba niwapeleke Bahi kidogo.

Nimekulia kule, nimechunga, na siku ya josho ilikuwa siku ya kazi haswa. Kwa ambaye hajawahi kuona josho, kuna zizi pana la kusubiria, halafu uzio unabana taratibu mpaka unakuwa kinjia cha ng'ombe mmoja mmoja, mbele yake birika la dawa, ng'ombe anaruka anazama anaogelea anapanda ngazi upande wa pili, na huko anaingia zizi lingine la sakafu ya simenti, anasimama hapo ajichuruze ili dawa irudi birikani. Mtoto anayeanza kuchunga anadhani kazi ni kuwasukuma wa nyuma. Anapiga kelele, anapiga fimbo, wazee wamekaa wanamcheka. Kazi ipo kule mbele wanakojichuruza. Zizi la kutokea likijaa, au ng'ombe mmoja akagoma juu ya ngazi, walioko kwenye dawa wanakwama, walioko kwenye kinjia wanaanza kurudi kinyumenyume, na hapo fimbo hata uchape mia hamna kitu. Unaenda unamtoa yule mmoja wa mbele, wengine wote wanatembea wenyewe.

Siwafananishi abiria na ng'ombe jamani, mnisamehe, na hasa waheshimiwa wabunge ambao ndo wateja wangu wa Ijumaa. Nachosema ni kwamba fundi aliyechora josho alijua vitu viwili ambavyo naona vinasahaulika kwenye majengo ya abiria, kwamba sehemu nyembamba lazima iwe na uwanja kabla yake, na lazima iwe na uwanja baada yake. Huo wa baada ndo unasahaulika zaidi.

Tuanze na wa kabla.

Viwanja vingi vya kwetu Afrika Mashariki mashine ya kwanza ya kukagua mizigo ipo mlangoni kabisa. Unashuka kwenye gari, unakuta foleni, foleni ipo nje, ndani kupitia kioo unaona ukumbi una nafasi ya kucheza mpira. Mtu akiona ile foleni anasema jengo ni dogo tuongeze jengo. Au anasema wahudumu wa kaunta wazembe. Twende na hesabu ya kijiweni, hizi ni za kwangu za kukadiria, mtakuja na zenu zilizopimwa. Kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Ijumaa jioni kila mtu anataka kuwahi Dar. Chukua ndege mbili zinazoondoka zimekaribiana, moja Q400 ya watu 76, nyingine Airbus A220 ya watu 132, zikijaa ni watu 208. Hawaji wote kwa pamoja ila hawaji kwa kupishana vizuri pia, kikao kimeisha saa ile ile, wote wanatoka saa ile ile. Tuseme 120 kati yao wanafika ndani ya nusu saa, ni watu wanne kila dakika. Mashine ni moja, na kila mtu na mzigo wake anatumia sekunde 24, maana yake wanapita wawili na nusu kwa dakika. Nusu saa ikiisha wameingia 75, wamebaki 45 nje, na wa mwisho wao atasimama dakika 18 kabla hajaugusa mkanda.

Hapo sasa ongeza kaunta za kuchekini ziwe ishirini. Wale 45 bado wapo nje. Weka marumaru za Italia, weka skrini kubwa ya matangazo, wapo nje tu. Lakini weka mashine ya pili na watu wa kuisimamia, wanapita watano kwa dakika wakati wanaokuja ni wanne, na foleni unakuwa huna. Ni mashine moja tu, na huenda hata sio siku zote, ni hiyo Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi. Ratiba ya ndege mnayo, ratiba ya Bunge inatangazwa, kwahiyo siku ya foleni inajulikana wiki kadhaa kabla. Mi mwenyewe naijua, ndo siku ninayojaza mafuta full.

Najua mtaniambia mambo ya usalama yana wenyewe, na kweli yana wenyewe, siingilii. Ila nimesoma kwamba kanuni za kimataifa za ulinzi wa anga, ile wanaiita Kiambatisho namba 17, zinachotaka ni abiria na begi lake la mkononi wakaguliwe kabla ya kupanda ndege. Mashine ya mlangoni ni uamuzi wa nchi kutokana na hali yake. Brussels Machi 2016 walipuliwa kwenye ukumbi wa kuchekini, wakaweka mahema ya ukaguzi nje kabla ya mtu kuingia, foleni ikawa ndefu mpaka baadae wakalegeza, maana watu mia tano waliosimama barabarani nao ni mkusanyiko vilevile, umeuhamisha tu. Kwahiyo kama mashine ya mlangoni lazima iwepo, basi ihesabiwe kama sehemu ya jengo, sio kama geti la shule. Wale 45 na mabegi yao, kila mmoja umpe mita ya mraba moja na kidogo, unahitaji kama mita 54, sawa na sebule tatu za nyumba zetu za kawaida, na zote zikae chini ya paa. Paa ninalosema sio la urembo lile la mita moja na nusu linalokinga jua la saa sita tu. Dodoma jua la saa kumi linaingia kwa ubavu na upepo unakuja na vumbi lake, mtu amevaa suti nyeupe ya harusi ya Dar anaingia kwenye ndege ana rangi ya Kondoa.

Halafu mstari uwe mmoja. Hii hata benki zetu wameshajifunza, unachukua namba unakaa, "namba themanini na mbili, dirisha la tatu", hamna anayechagua dirisha akajuta. Kwenye viwanja bado unakuta kaunta nne mistari minne, wewe umesimama nyuma ya watu watatu unajiona mjanja, kumbe wa mbele anahamisha nyumba, ana mabegi saba na kilo zimezidi, na mstari wa pembeni waliokuja nyuma yako wanaondoka wanakuangalia. Mstari mmoja, kaunta nyingi, anayeitwa anaenda. Yule wa mabegi saba anachelewesha kaunta moja tu, wengine tunapita. Gharama yake ni kamba na vile vyuma vya kusimamisha kamba.

Sasa shangazi.

Shangazi yangu alikuwa hajawahi kupanda ndege. Miaka sabini na, hata yeye haijui vizuri. Alialikwa na binti yake mbali huko, tulienda kwa basi, kurudi binti akasema hapana, mama atarudi na ndege, na mimi nikaongezewa tiketi kama msaidizi. Tulifika mapema sana, kaunta haijafunguliwa, na kabla ya kaunta hapakuwa na kiti hata kimoja, viti vyote vipo ndani kabisa baada ya ukaguzi wa pili. Kwahiyo mama wa watu akakaa juu ya begi, begi lina sahani za zawadi, zikalia. Saa moja na nusu.

Tukachekini, tukapanda ghorofani kwenye ukaguzi wa pili. Lifti imefungwa, ngazi ya umeme aliigomea, tukapanda ya kawaida. Pale juu kijana anamwambia bibi vua viatu, weka kwenye trei, vua mkanda, bibi hana mkanda, ana kitenge. Akainama kufungua sandozi, ile ya kamba yenye kifungo kidogo, hakuna pa kushika hakuna pa kukaa, kanishika bega mimi, mimi nina leptopu ya mjomba mkononi. Sawa tukapita. Upande wa pili trei zikawa zinatoka kwenye mkanda, na mkanda wenyewe mfupi, labda mita mbili, baada ya hapo kuna ukuta. Ukuta kabisa, na mlango. Kwahiyo shangazi akachukua viatu vyake akafanya kitu pekee cha akili kilichowezekana, akakaa chini sakafuni, miguu mbele, akaanza kufunga kile kifungo. Trei yake haijatolewa, trei ya nyuma ikaigonga, ya tatu ikapanda juu ya ya pili, mashine ikasimamishwa, mtu wa mashine anapiga kelele "sogeeni mbele", mbele wapi na shangazi amekaa, na nyuma mtu wa suti anasema huku kijijini kweli. Nikageuka nikaangalia foleni ilikofika, ilikuwa imeshuka ngazi yote ile tuliyoipanda kwa shida.

Ukumbi wa kusubiria ndege ulikuwa na watu wachache wametawanyika na viti vitupu kibao.

Nikakumbuka josho. Zizi la kujichuruza halipo! Mtu aliyechora alihesabu mashine, akahesabu wa kusubiri kabla ya mashine, hakujua kwamba binadamu akitoka kwenye mashine bado ana kazi ya kufanya, avae viatu, avae mkanda, arudishe simu mfukoni, afunge begi, amtafute mtoto. Hiyo ni dakika moja kwa kijana na dakika nne kwa shangazi. Wataalamu wana kanuni yao ndogo tu, ilithibitishwa na Mmarekani anaitwa John Little mwaka 1961, kwamba idadi ya watu waliopo mahali ni sawa na wanaoingia kwa dakika zidisha kwa dakika anazokaa kila mmoja. Wakipita wanne kwa dakika na kila mmoja anachukua dakika mbili kujipanga, muda wote kuna watu wanane wamesimama upande wa kutokea. Usipowapa nafasi watasimama hapo hapo kwenye mkanda, hawana pa kwenda. Kwahiyo ombi langu la kwanza kabisa, kama mtasoma barua hii mpaka hapa tu mkaacha, ni BENCHI. Mabenchi marefu ya mbao baada ya mashine, mita nne au tano mbele, mbali na mkanda, ili mtu achukue trei yake yote aende nayo akakae. Na mkanda wa kutokea uwe mrefu. Benchi la kuvulia viatu kabla nalo lisikosekane. Fundi wa Chang'ombe anawatengenezea kwa wiki moja.

Na bomba la maji ya kunywa baada ya ukaguzi. Mmeninyang'anya chupa, sawa, huu ni mji mkavu, nipeni pa kunywa.

Kuhusu matangazo sitaongea sana, ila mkiweka marumaru chini, kioo pembeni na bati juu, tangazo linasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Shangazi aliuliza mara tatu wamesema nini nami sikuwa na jibu. Tulijua ndege yetu imeitwa kwa sababu watu walisimama.

Nimesoma kidogo habari za wenzetu, sio kwamba wao wamepatia. Berlin walikuwa na uwanja unaitwa Tegel, jengo lake la pembe sita lilifunguliwa 1974, gari linakushusha karibu kabisa na geti lako, unachekini hapo hapo, hatua chache upo kwenye ndege. Mi kama dereva naona ile ndo pepo. Ila kila geti linataka mashine yake na wakaguzi wake, na ukaguzi ulipokuja kuwa mkali, hasa baada ya Septemba 11 ya 2001, nafasi ya kupanua haikuwepo, walibanana mpaka ulipofungwa Novemba 2020. Yule Mfaransa Paul Andreu aliyechora jengo letu la pili pale Dar, la mwaka 1984, miaka kumi kabla alichora jengo la duara kule Paris, zuri ajabu, mabomba ya kioo yanapishana katikati, ila duara ukishalifunga utaliongezea wapi. Na kule Stansted nje ya London mwaka 1991 Norman Foster alijenga ukumbi mmoja mweupe, ukiingia tu unaona moja kwa moja mpaka upande wa ndege, kwahiyo hata asiyejua kusoma anajua aende wapi, anafuata mwanga. Hilo nalipenda kuliko yote. Baadae maduka na ukaguzi vikajazwa katikati, ule uwazi ukafifia. Nawaomba Msalato maduka yakae pembeni. Shangazi hajui kusoma Kiingereza, Kiswahili anasoma pole pole, lakini ndege anaijua akiiona. Akiiona mbele yake ataifuata.

Kitu kingine, wasindikizaji. Nchi hii mtu hasafiri peke yake. Anayeenda Makka anasindikizwa na mtaa mzima, anayeenda kusoma nje anakuja na bibi, babu, mchungaji na kwaya. Naleta abiria mmoja, nyuma kuna Noah mbili. Kwenye ramani hawa hawapo, wamehesabiwa wenye tiketi tu, kwahiyo wanasimama hapo hapo mlangoni wanapoingilia wenye tiketi, wanapiga picha, wanaomba dua, na foleni inawazunguka. Askari anawafukuza, dakika tano wamerudi, na watarudi tu kwa sababu mtoto wao hajageuka kupunga mkono. Wajengeeni baraza. Baraza la kweli la kukaa, lenye kivuli, kando ya mlango sio mbele yake, na kioo wanaweza kumwona mtu wao akichekini. Akishapita wanapunga wanaondoka wenyewe. Muuze na chai hapo, mtapata hela.

Hapa nakiri nina maslahi, mi ni dereva. Sehemu ya kushushia abiria mnatupa dakika chache halafu filimbi. Mzee wa miaka themanini hashuki kwa dakika chache. Tenganisheni njia mbili, ya ndani kabisa ya kushusha na kuondoka, na ya pili yenye maegesho ya karibu ambayo robo saa ya kwanza ni bure, kwa wanaoaga. Mkilipisha kuanzia dakika ya kwanza wote tutabanana kwenye ile ya bure, na huo msongamano mtatulaumu sisi.

Na msisahau Msalato ni mbali. Uwanja wa mjini mtu wa Area D alikuwa anaamka, anachungulia dirishani, anapanda bajaji. Msalato ipo barabara ya Arusha, zaidi ya kilomita kumi kutoka mjini, na mtu wa Mtumba au wa UDOM ana safari nyingine ndefu kabla hata hajafika mjini, mpaka ile barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 ianze kumsaidia. Mtu akiwa mbali anaogopa kuchelewa, akiogopa anawahi mno. Wateja wangu wa ndege ya saa nne asubuhi watataka niwachukue saa kumi na moja alfajiri, tutafika kaunta haijafunguliwa. Kwahiyo viti kabla ya kuchekini, choo kabla ya kuchekini, na mtu aruhusiwe kukabidhi begi mapema asikae nalo. Na kituo cha daladala kiwe mlangoni, sio kule barabara kuu mtu aburuze begi juani kilomita nzima. Ndio, naitetea daladala, na mimi nina teksi. Sio kila anayepanda ndege ana hela ya kunilipa mimi.

Mkumbuke pia tangu 2024 tuna treni ya umeme ya kwenda Dar. Wateja wangu kadhaa wameshaniambia waziwazi, ndege inaruka kama saa moja lakini ukijumlisha kuwahi, foleni mbili na kungoja begi kule, unajikuta treni haijakupita mbali na ina dirisha. Mi treni naipenda, ila foleni ya mlangoni ikiwatorosha watu mtakuja kusema soko la Dodoma ni dogo.

La mwisho, jaribuni na watu. London walipofungua jengo la tano la Heathrow tarehe 27 Machi 2008, jengo jipya la mabilioni, siku ya kwanza wafanyakazi wenyewe walikosa pa kupaki, wengine wakakwama kwenye ukaguzi wao wa kuingilia kazini, mizigo ikajaa chini, ndege kibao zikafutwa. Majaribio walikuwa wamefanya ila yalipungua kwa sababu ujenzi ulichelewa. Kwahiyo tafadhali, iwe ni kwa jengo zima au kwa kila sehemu mnayoongeza, tengeni siku mlete watu. Na msilete watumishi wenye vitambulisho shingoni ambao wanajua kila mlango. Leteni akina mama wa soko la Majengo, leteni wanafunzi wa UDOM siku ya kufunga chuo na magodoro yao, leteni mwenye kiti cha magurudumu aende chooni mwenyewe, leteni mtu mwenye boksi la zabibu linalovuja na dumu la alizeti la Singida, leteni mtoto anayelia. Halafu wakubwa wenyewe mkae kwenye foleni bila kupita VIP, mkiwa na mabegi, na kila mtu avue viatu. Siku hiyo mtajifunza mengi kuliko kwenye hii barua.

Mimi nitakuja bure, gari langu nalipaki kule mtakakosema. Shangazi nimeshamuuliza, amekubali, amesema hata zile sandozi atavaa zile zile. Ila msiweke mwezi wa tano, anavuna uwele.

Dereva teksi, Dodoma